Tupeane uzoefu: kukokota karavani nchi ya migodi, Kalgoorlie hadi Laverton na kuendelea

Mleta uzi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaokokota karavani (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) Goldfields, ukanda wa migodi ya dhahabu, Australia Magharibi: Perth, Kalgoorlie, Menzies, Leonora, Laverton, na mwenye ubavu aendelee na Great Central Road, barabara ya vumbi, mpaka Uluru, ule mwamba mkubwa wa katikati ya Australia. Picha za machweo pelekeni kwingine. Hapa tuambiane kinacholegea, kinachokatika, na sababu yake.

Naanza na uzito, maana balaa nyingi huanzia hapo. Karavani ya kilo 2,500 iweke kilo 250 hivi, yaani asilimia 10, juu ya boli la kukokotea, lile la nyuma ya gari linaposhikia karavani. Ukirundika spea, baiskeli na jenereta nyuma, pua inanyanyuka, na ukifika spidi 90 mkia unaanza kucheza. Hapo usikanyage breki ya gari. Toa mguu kwenye mafuta, bonyeza kwa mkono kitufe cha breki za karavani peke yake mpaka inyooke. Maji nayo ni mzigo: matangi mawili ya lita 95 ni kilo 190. Lakini msiyaache. Kalgoorlie yenyewe inakunywa maji ya bomba linalotoka Mundaring, zaidi ya kilomita 500, tangu 1903. Mtaliona likiwafuata pembeni mwa barabara. Mbele ya hapo hesabuni lita 10 kwa mtu kwa siku, na akiba juu yake.

Mzee wa Chaneli 40
Redio ya UHF, ya kuongea gari kwa gari, kwanza; mambo mengine baadaye. Chaneli 40 ndiyo ya barabara. Lori lenye matela hufika mita 53.5, na huku ndiyo mengi. Fanyeni hesabu kabla ya kulipita: lori liko spidi 90, wewe sheria ya Australia Magharibi inakufunga kwenye 100 ukiwa unakokota. Unalizidi mita tatu pungufu kwa sekunde. Ukijumlisha urefu wake, wako, na nafasi mbele na nyuma, ni kama sekunde 45, na utakuwa umekula kilomita moja na robo upande usio wako. Anayekuja naye amekula yake, kwa hiyo unahitaji kilomita mbili na nusu tupu mbele yako. Tulieni nyuma.

Likija nyuma yako, usipunguze mwendo ghafla. Mwambie redioni umemwona, shika mstari wako, na ukiona ameshatoka kukupita, legeza mafuta.

Kuna pia mizigo mipana: bodi ya dampa (lori kubwa la kubebea mawe) la mgodini inaweza kujaza lami yote. Gari la kutangulia litaita kwenye 40. Toka barabarani kabisa, magurudumu yote, ila angalia ardhi kwanza. Mvua ikishanyesha, ule udongo mwekundu ni kama sabuni.

Fundi Grisi
Barabara ya vumbi yenye mawimbi ya bati haiui kwa shimo moja, inaua kwa mtetemo. Nati za rimu ndizo za kwanza. Ukishafunga gurudumu, rudia kukaza baada ya kilomita 50, kisha kila asubuhi, kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, na si kwa kuruka juu ya spana.

Beringi: kila mkisimama, pitisha mgongo wa mkono kwenye habu zote, yaani vitovu vya magurudumu. Zikiwa vuguvugu sawasawa, endelea. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, grisi imekwisha au breki inang'ang'ania. Beba seti moja ya beringi ya ndani na ya nje, sili, pini na kopo la grisi. Kufunga: inua kwa jeki, zungusha gurudumu huku unakaza nati ya kati mpaka lianze kuwa zito, legeza hadi tundu la kwanza la pini, ingiza pini. Ukikaza kupita hapo unaipika beringi mpya.

Upepo: tairi za karavani za psi 45 kwenye lami zishushwe mpaka 35, gari kutoka 40 mpaka 30, na mwendo usizidi 80. Ukishusha upepo ukabaki na spidi ya lami, ubavu wa tairi unachemka na kupasuka.

Binti Laverton
Mmesahau kioo cha nyuma cha gari. Watu hudhani jiwe limerushwa na lori. Hapana: tairi lako la nyuma linarusha jiwe, linagonga uso wa karavani au mtungi wa gesi, linarudi na kupiga kioo chako mwenyewe. Funika kioo kwa ubao mwembamba wa plastiki, na funga wavu kati ya gari na karavani.

Dumu Tatu
Great Central Road: Laverton hadi Tjukayirla, kituo cha mafuta cha njiani, ni takriban kilomita 300, na msitegemee kupata mafuta katikati. Kwenye changarawe ukikokota, weka lita 25 kwa kilomita 100, yaani 75, na theluthi ya akiba: 100. Kibali cha kupita ardhi ya wenyeji kinaombwa mapema, cha Australia Magharibi mbali, na cha Northern Territory, upande wa Uluru, mbali. Pombe haiingii vijijini. Mvua ikifunga barabara, subiri.

Mleta uzi
Na wanaotaka kuchepuka kutafuta dhahabu kwa ditekta, kile kifaa cha kunusa madini ardhini?

Binti Laverton
Kwanza kibali kinachoitwa Miner's Right, kisha ujue ardhi ni ya nani. Usirudi kinyumenyume kupiga picha. Mashimo ya zamani yako wazi, mengine yamefunikwa na nyasi tu. Barabara za ndani za migodi msiguse. Dereva wa dampa haoni gari dogo lililo karibu na pua yake. Wenye ndugu Geita: Sunrise Dam, kusini mwa Laverton, ni ya AngloGold Ashanti, kampuni ile ile.

Mkaa Tayari
Vumbi ndani ya karavani je?

Fundi Grisi
Fungua kidogo tundu la paa la mbele, lielekee mbele, hewa iingie kwa nguvu na kusukuma vumbi nje. Matundu ya chini ya gesi usiyazibe ukiwa umewasha jiko.