Mnunuzi wa kilo 20 za korosho kaniliza laki sita na nusu, na benki inaniambia ni kosa langu

Wakuu, leo salamu zisubiri. Tangu Jumanne chakula hakipiti.

Nauza korosho zilizobanguliwa hapa Mtwara mjini. Wananibangulia akina mama wa Chikongola, nafungasha mwenyewe, napakia kwenye mabasi ya Dar. Biashara yote iko kwenye simu. Nina duka kwenye soko moja la mtandaoni ambalo silitaji, maana wao wana mawakili na mimi nina ungo.

Jumanne asubuhi niko stendi ya Mkanaledi nagombana na utingo juu ya nauli ya boksi, ujumbe ukaingia WhatsApp. Picha ni baba mtu mzima, miwani, watoto wawili pembeni. "Dada yangu habari, nimeona korosho zako, nahitaji kilo 20 nzima nzima, nina shughuli." Nikamwambia kilo ni 24,000. Akajibu: "Sawa, hakuna shida."

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Mtanzania gani ananunua kilo 20 bila kuuliza "bei ya mwisho shilingi ngapi"? Mjomba wangu wa tumbo moja na mama hupunguziwa, na bado huongezewa kiganja cha juu.

Dakika tano, akarudi: "Nimeshalipia kwenye huduma ya malipo ya soko lenu. Pesa imeshikiliwa, bonyeza hapa uipokee." Linki. Nikabonyeza. Wakuu, nilichokiona kilikuwa duka langu. Rangi zilezile, nembo ileile, picha ya korosho niliyoipiga mwenyewe juu ya ungo wa bibi, na maandishi ya kijani: 480,000 zinasubiri. Chini kuna kisanduku cha "mhudumu" anayejibu kwa Kiswahili safi na kunipa pole kwa usumbufu.

Wakataka namba ya kadi, tarehe ya mwisho, zile tarakimu tatu za nyuma. Halafu wakauliza nina salio kiasi gani, eti kadi ihakikiwe. Nikaandika! Nilimwambia mwizi mfuko una shilingi ngapi, naye akapanga achukue zipi. Mwisho wakaomba OTP, ile namba ya siri ya mara moja ambayo benki huituma kwenye simu. Basi linawashwa, utingo anapiga kelele, nikaijaza. 650,000 zikaondoka. Ndiyo hela ya kuwalipa wabanguaji.

Sasa benki. Nimeshikilia simu mpaka sikio limepata moto, dada akaniambia: "Mteja, umetoa siri yako mwenyewe." Ni kweli nimetoa. Lakini ule ujumbe wa OTP mmenitumia kwa Kiingereza! Nimeusoma baadaye nikiwa nimetulia: umeandikwa kwamba ni wa kuidhinisha malipo, kiasi kimetajwa, na onyo la kutompa mtu. Ungekuja "Unakaribia KULIPA 650,000" ningeacha hata basi liondoke. Matangazo ya mikopo mnayatuma kwa Kiswahili kitamu, onyo la wizi ndilo linakuja kwa lugha ya wageni?

Soko lenyewe nimeliandikia mara tatu, mara tatu nimejibiwa na mashine: "Asante kwa kuwasiliana nasi." Namba yangu ya simu ndiyo mmeianika mbele ya tangazo kila mpita njia aione. Tapeli hakuhitaji kudukua chochote. Kanakili picha, jina la duka na namba, akajenga ukurasa wake.

Kijana wa fundi simu pale Magomeni ya hapa Mtwara ndiye kanionesha nilivyopigwa. Kaniambia anwani ya ukurasa usiisome kama unavyosoma gazeti. Ruka ile mikwaju miwili ya mwanzo (//), nenda kwenye mkwaju wa kwanza unaofuata (/), kisha angalia maneno yaliyoukaribia kwa kushoto. Hapo ndipo mwenye ukurasa anapojitaja. Yangu ilianza na jina la soko, nikaridhika, kumbe karibu na mkwaju kulikuwa na kidubwasha kingine kabisa. Na kale kakufuli ka pembeni ya anwani nilikokaamini? Kanasema tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani. Anayezungumza nawe anaweza kuwa mwizi, na kufuli hilo analipata bure.

Kingine, jaribuni hili kabla ya kumwamini mteja mgeni: ingia kwenye menyu ya kutuma pesa, weka namba yake na kiasi kidogo, litakuja jina lililosajili laini. Litazame, kisha ghairi. Mimi nimefanya baada ya kulizwa. Baba mwenye miwani kasajiliwa kwa jina la mwanamke. Na yule mama pengine hajui kwamba laini hiyo ipo, kwa hiyo nanyi pigeni *106# muone namba zenu za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, zimebeba laini ngapi.

Mteja akikuvuta kutoka kwenye ujumbe wa soko lenyewe kwenda WhatsApp, usikimbilie linki yake. Funga, fungua programu ya soko kwa mkono wako, tazama kama oda ipo. Haipo? Basi hakuna oda. Meseji ya "umepokea" nayo isikupe furaha mpaka uangalie salio kwenye menyu.

Wanaotumia kadi kama mimi, nyie ndio nawasihi zaidi. Kadi niliichukua ili nilipie matangazo, kwa hiyo OTP nilizoea kuijaza bila kufikiri. OTP inatoa pesa. Mtu anayekulipa hana kazi nayo, wala PIN, wala zile tarakimu za nyuma. Namba ya simu inamtosha, wakala wa pale sokoni anajua hilo tangu zamani.

NYONGEZA: Naona mmeanza na "tamaa mbele mauti nyuma". Tamaa gani? Nimeuza bidhaa yangu kwa bei yangu. Ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii" hata mimi huicheka. Hii haikuniahidi utajiri, imejifanya kunilipa hela ya mzigo wangu.

Aliyeuliza kama nimeripoti: kadi nimeifunga siku ileile, RB nimechukua polisi, na namba ya tapeli nimeiripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, tuone kama inafika huku Kusini. Msimu ukifunguka Oktoba, hela za minada ya korosho zitaanza kuingia kwenye akaunti za wazee wa Tandahimba na Newala, na simu za wazee hao wengi zinashikwa na wajukuu. Waonesheni uzi huu kabla ya hapo.

Wabanguaji wangu wamekubali kungoja mpaka Ijumaa ijayo. Mwenye kuhitaji korosho, nzima ni 24,000 kilo, na safari hii ombeni punguzo, tafadhali, nijue ni watu.