Taswira ya mwanamke katika visasili vya Wagiriki wa kale: hoja yangu inasimama?

Mdadisi
Wakuu, salaam. Naandaa mada ya dakika 20 kwa kikundi cha usomaji. Nimewachukua Pandora (mwanamke wa kwanza), Medusa (kiumbe wa kutisha mwenye nywele za nyoka), Medea (mke aliyesalitiwa na mumewe), Clytemnestra (mke wa mfalme Agamemnon) na Penelope (mke wa Odysseus). Hoja yangu ni kwamba visasili vya Wagiriki vina wanawake wa aina mbili tu: mke mwaminifu anayesubiri na mwanamke hatari anayeangamiza wanaume. Je, hoja hii inasimama? Na nitegemee matini zipi?

MsomajiWaTendi
Mkuu, ikibaki hivyo itaangushwa na swali la kwanza. Wagiriki hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu cha visasili. Kila mshairi alikichukua kisa na kukigeuza, kwa hiyo unaposema "Medusa" lazima useme ni Medusa wa nani.

Kwa Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa karibu mwaka 700 KK, Medusa ni mmoja wa dada watatu, na ni yeye pekee anayeweza kufa. Poseidon, mungu wa bahari, analala naye kwenye uwanda wenye maua, basi. Hakuna hekalu lililonajisiwa wala nywele zilizogeuzwa nyoka kwa adhabu. Kisa cha msichana mrembo aliyenajisiwa hekaluni kisha akaadhibiwa yeye, ambacho ndicho kimejaa mitandaoni, ni cha Ovid, mshairi Mrumi wa miaka 700 hivi baadaye. Ukikileta kama ushahidi wa fikra za Wagiriki umekwisha kosea karne na lugha.

Medea naye vivyo hivyo. Tamthilia ya Euripides ya mwaka 431 KK ndiyo iliyotufanya tumjue kama mama aliyeua wanawe kwa mkono wake. Lakini Pausanias, mwandishi Mgiriki wa karne ya 2 BK, anasimulia kwamba ni Wakorintho waliowapiga mawe watoto hao, Mermerus na Pheres, kwa sababu ya zawadi zenye sumu walizompelekea binti mfalme, mke mpya wa baba yao. Wataalamu wengi wanaona kwamba Euripides ndiye aliyemtwika mama kosa hilo kwa makusudi. Na ni mwandishi huyohuyo anayempa Medea maneno makali kuhusu ndoa: heri kusimama vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja.

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, kwa kila jina jaza mambo manne: matini, mwaka wa kukadiria, utanzu, na nani anayesema ndani ya matini. Hilo la nne ndilo watu hulisahau.

Nyuzi_na_Sanda
Naunga mkono, na Clytemnestra ndiye mfano mzuri kuliko wote. Katika Odyssey, utenzi wa Homer kuhusu safari ya Odysseus kurudi nyumbani kutoka vita vya Troy, kitabu cha 11, mzimu wa Agamemnon unasema aliyemuua ni Aegisthus, hawara wa mkewe, karamuni, kama ng'ombe anavyochinjwa horini. Mke ni mshirika. Anamuua Cassandra, mateka aliyeletwa na Agamemnon kutoka Troy, na anakataa hata kumfumba mume macho. Odyssey haimtaji kabisa Iphigenia, binti yao aliyetolewa kafara na Agamemnon.

Sasa njoo kwa Aeschylus, mwandishi wa tamthilia, mwaka 458 KK. Hapa mke ndiye muuaji. Anamtupia mumewe vazi kama wavu wa samaki, anampiga mara mbili, akishaanguka anaongeza pigo la tatu, kisha anasimama mbele ya wazee wa mji na kueleza yote bila kutetereka. Sababu anayo: binti yake. Kwa hiyo mwandishi mmoja amemwongezea hatia na haki kwa pamoja, na ndiyo maana huwezi kumtia kwenye fungu la "hatari" ukaendelea na safari.

Angalizo moja. Katika tamthilia ya tatu ya mfululizo huo, Orestes anashtakiwa kwa kumuua mama yake Clytemnestra, na mungu Apollo, mtetezi wake, anadai kwamba mama si mzazi, ni mlezi tu wa mbegu ya baba. Watu hunukuu hapo na kusema "Wagiriki waliamini hivi". Hayo ni maneno ya mtetezi mahakamani anayetaka mteja wake aachiwe! Kura za mahakama zenyewe zinalingana.

Mdadisi
Asanteni sana. Basi Hesiod niseme hakuwachukia wanawake?

MsomajiWaTendi
Hapana, huyo usimsafishe. Katika Theogony, shairi lake kuhusu asili ya miungu, mwanamke wa kwanza hana hata jina, na wanawake wanafananishwa na nyuki dume wanaokula jasho la wenzao mzingani. Katika Kazi na Siku, shairi lake jingine, anaitwa Pandora, na mungu Hermes anamtia akili ya mbwa na tabia ya wizi. Chuki hiyo ipo wazi, ila ni ya Hesiod na utanzu wake wa mawaidha kwa wakulima. Iweke kando ya Wimbo wa Demeter, mungu wa kike wa nafaka, ambamo Zeus, mfalme wa miungu, anamwoza binti yao Persephone kwa Hades, mungu wa kuzimu, bila kumshauri mama. Demeter anazuia nafaka isiote mpaka Zeus asalimu amri, na binti anabaki kuzimu theluthi moja tu ya mwaka. Mama huyu utamweka fungu lipi kati ya yale mawili?

Nyuzi_na_Sanda
Kwa dakika 20, watano ni wengi mno. Baki na Penelope na Clytemnestra, kwa sababu ule mgawanyo wako umo ndani ya matini yenyewe: katika kitabu cha 24 cha Odyssey mzimu wa Agamemnon unamsifu Penelope na kumlaani mkewe. Anayegawa ni mume aliyeuawa. Anza hapo, soma mistari 192 hadi 202 kwa sauti.

Halafu onyesha kwamba Penelope hakukaa tu akisubiri. Ili kuwachelewesha waposaji wanaotaka kumwoa, anafuma sanda ya Laertes, baba mkwe wake, mchana na kuifumua usiku kwa miaka mitatu, na ndiye anayemtega Odysseus aliyerudi, ili ahakikishe ni mumewe kweli, kwa habari ya kitanda kilichochongwa kwenye mzeituni wenye mizizi. Dakika tatu za mwisho waachie wajakazi wa kitabu cha 22. Nyumba ina watumwa wanawake 50; 12 wananyongwa kwa kulala na waposaji, baada ya kulazimishwa kubeba maiti na kusafisha damu. Hao hawamo katika fungu lolote kati ya mafungu yako, na mada nyingi za aina hii huwapita bila kuwataja.