Mjadala: Waliojipeleka kukamatwa kwa ajili ya Medicaid, walikosea?

Ndugu zangu, habari za majukumu. Juzi tulikuwa msibani hapa Durham, North Carolina. Tumekaa nje na vikombe vya chai, maneno yakaangukia kwa hawa wanaokamatwa Washington wakipinga kupunguzwa kwa Medicaid. Kaka mmoja ninayemheshimu sana akasema: "Mtu mzima, ana kazi, ana watoto, anajipeleka mwenyewe kufungwa pingu. Apate nini? Si akapige kura!" Wengi waliitikia. Mimi nilinyamaza, msibani si mahali pa kubishana, lakini neno lile limenikaa kooni tangu siku hiyo. Naomba nilitoe hapa tujadiliane.

Msimamo wangu nausema mapema: hawakukosea.

Kwa msioishi huku, Medicaid ni bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, na gharama yake hubebwa na serikali kuu pamoja na jimbo. Sheria ya Rais Obama ya mwaka 2010 ilitaka kila jimbo limchukue mtu mzima yeyote ambaye kipato chake hakizidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, ambayo wakati ule ilikuwa kama dola 16,000 kwa mwaka kwa anayeishi peke yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikasema jimbo haliwezi kulazimishwa. Machi 2013 gavana wetu wa wakati ule, Pat McCrory, akatia saini sheria ya kukataa upanuzi huo wa Medicaid, ilhali serikali kuu ilikuwa imeahidi kulipa gharama yote ya upanuzi kwa miaka 3 ya mwanzo. Karibu watu 500,000 wakaachwa nje.

Kilichoniuma zaidi ni hili. Ruzuku ya kununua bima binafsi ilianzia kwenye mstari wa umaskini, kwa sababu walioandika sheria waliamini kila aliye chini ya hapo atakuwa ndani ya Medicaid. Jimbo lilipokataa, aliyepata dola 13,000 alisaidiwa, na aliyepata dola 9,000, kama hana mtoto mdogo wala ulemavu, hakupata chochote. Yaani umaskini wako ukizidi, unafungiwa mlango.

Nilifanya kazi na mtu wa namna hiyo. Ni mama Mmarekani wa makamo, mpishi kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nahudumu, na saa zake zilikuwa zimepunguzwa. Alikuwa na presha. Nilimwona mwaka 2015 akikata vidonge kwa kisu cha jikoni juu ya ubao wa mkate, nusu anameza, nusu anaifunga kwenye karatasi ya foili ili dawa ya mwezi ifike miezi miwili. Mwaka uliofuata akapata kiharusi. Hapo ndipo alipotibiwa, maana hospitali yenye chumba cha dharura haiwezi kisheria kumfukuza mtu anayekufa. Nawajibu hapa wale wanaosema "Marekani hakuna anayenyimwa matibabu". Chumba cha dharura kinatibu kiharusi. Presha ya miaka 5 iliyokileta hakiitibu.

Sasa tuje kwa waliokamatwa. Tarehe 29 Aprili 2013, mchungaji William Barber, aliyekuwa kiongozi katika jimbo hili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, aliingia na wenzake kwenye jengo la bunge la jimbo pale Raleigh kupinga, pamoja na mengine, kukataliwa huko. Waliomba, wakaimba, wakaamriwa waondoke, wakakataa. Walikamatwa 17. Jumatatu zilizofuata wakaja wengine, na msimu ule ulipoisha walikuwa zaidi ya 900: madaktari, wachungaji, wanafunzi, bibi na babu za watu. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akija kumtembelea dada yake kwetu alinionyesha vifundo vya mikono yake, na pingu za plastiki zilikuwa zimeacha mistari miwili myekundu. Alikuwa ameachiwa usiku wa manane. Aliniambia amepiga kura kila uchaguzi tangu akiwa msichana, basi hoja ya "si wapige kura" kwake haikuwa na mahali pa kukaa.

Nakubali jambo moja, na kaka yangu wa msibani alilisema vizuri: pingu peke yake hazikuleta bima. Jimbo lilipanua Medicaid kwa sheria ya Machi 2023, miaka 10 baadaye, na kilicholainisha wengi ni fedha za ziada ambazo serikali kuu iliziweka mezani mwaka 2021. Phil Berger, aliyekuwa kiongozi wa Seneti ya jimbo letu na aliyepinga kwa miaka, aligeuka mwaka 2022. Lakini nani aliliweka hai jambo hili miaka yote hiyo? Jimboni Missouri nako makasisi na wachungaji 23 walikamatwa Mei 2014 wakiimba kwenye roshani ya Seneti, na baraza la wazee wa mahakama likawatia hatiani 22 kati yao kwa kukaa mahali walipoamriwa watoke. Mwaka 2020 wapiga kura wa jimbo lile lile wakaidhinisha upanuzi kwa asilimia 53. Kura ilikuja, ndiyo, ila ilikuja nyuma ya watu waliokwisha kulipa gharama.

Na hawakuvunja dirisha wala kumtukana askari. Waliweka mikono nyuma wakafungwa. Hata mamia ya kesi za Raleigh zilifutwa mwaka 2014.

Kuna mahali ninapotofautiana na wenzangu wanaharakati. Ukiwa huna makaratasi, au maombi yako ya uraia bado yako mezani, usithubutu. Kwa mwenyeji, kukamatwa ni faini na usiku mmoja. Kwako inaweza kuwa mwanzo wa safari ya uwanja wa ndege. Sisi tupike, tuendeshe magari, tukae na watoto wa wanaokwenda. Nilifanya hivyo, na sioni kwamba nilifanya kidogo.

Naliuliza sasa kwa sababu jambo limerudi. Zaidi ya watu 600,000 wameshajiandikisha hapa tangu Desemba 2023, lakini sheria yetu inasema mchango wa serikali kuu ukishuka chini ya asilimia 90 ya gharama ya upanuzi, upanuzi unakufa. Aprili 2025 Barber alikamatwa tena akiomba ndani ya jengo la Bunge la Marekani, na Julai ya mwaka huo huo sheria ya kupunguza Medicaid ikatiwa saini.

Basi anayesema walikosea anijibu hili: yule mama wa jikoni, mwaka 2015, bunge limekataa, gavana amesaini, uchaguzi uko mwaka unaofuata na vidonge vimebaki nusu nusu. Ungemwambia wanaomtetea wafanye nini?