Hekalu lilipobomolewa, makuhani wa Kiyahudi walibaki na nini?

Msomaji wa Usiku: Wakuu, nimemaliza Mambo ya Walawi juzi na kichwa kinaniuma. Warumi walibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Madhabahu hakuna, sadaka hakuna. Uzao wa Haruni, yaani ukoo wa makuhani, ukawa watu wa kawaida tu? Au makuhani ndio waliogeuka marabi, wale walimu wa sheria ya Kiyahudi?

Binti Vitabu: Hapana mkuu. Ukuhani mtu huurithi kwa baba yake, urabi huusomea. Rabi Tarfon alikuwa vyote viwili, ila wengi hawakuwa. Heshima kidogo ilibaki: Mishna, kitabu cha sheria na mafundisho ya marabi kilichokusanywa karibu mwaka 200, inasema kuhani asome Torati kwanza, afuate Mlawi (mtu wa kabila la Lawi), kisha Mwisraeli wa kawaida. Sababu? "Kwa ajili ya amani." Yaani watu wasigombane!

Mzee wa Pembeni: Naongezea, maana hapa ndipo penye utamu. Chukua mtu mwenye baka jeupe kwenye ngozi. Torati inataka kuhani ndiye atamke kama ni najisi. Je, kuhani akiwa hajasoma? Mishna inasema mjuzi yeyote alikague baka, kisha amwambie kuhani, "Sema: najisi," naye anasema, "Najisi." Basi. Mdomo wa kuhani, macho ya msomi.

Hata kuhani mkuu hakupona. Mishna inasimulia kwamba enzi za Hekalu, kabla ya Siku ya Upatanisho, wazee walimsomea taratibu za ibada, wakamwambia asome mwenyewe kwa kinywa chake, "huenda umesahau, au hukujifunza kamwe." Usiku akisinzia, makuhani vijana walimpigia vidole na kumwambia asimame kidogo kwenye sakafu ya baridi.

Halafu lile kali kuliko yote: mwanaharamu aliyesoma hutangulia kuhani mkuu asiyejua kitu. Nililisoma mara tatu kabla ya kuamini. Ila tukumbuke walioandika haya ni marabi wenyewe, na Hekalu lilikuwa limeshaanguka. Mwenye kalamu hajipunji.

Msomaji wa Usiku: Shikamoo mzee! Kwa hiyo leo ukoo huo hauna uzito?

Mzee wa Pembeni: Marahaba. Unao, hasa kwenye ndoa. Kuhani haruhusiwi kuoa mwanamke aliyeachika, na Israeli ndoa za Wayahudi ziko mikononi mwa mahakama za marabi. Kuhani akimpenda mtalaka, wengine huishia kupanda ndege kwenda Kupro wakafunge ndoa ya serikali.