MREJESHO: Paka mzee, kipofu, mgonjwa wa figo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama nimchukue yule bibi paka wa miaka 13 kutoka kituo cha kutunza wanyama, haoni na figo zimechoka. Nimemchukua. Asanteni sana.

Aliyesema nimweke kwanza chumba kimoja na nisihamishe hata kiti, Mungu akubariki. Anapapasa ukuta kwa sharubu mpaka kwenye beseni lake la mchanga wa kujisaidia, hakosei. Beseni nimelikata ukingo upande mmoja, maana kuruka hawezi tena.

Ila ushauri wa kumpima presha ndio ulionisaidia kuliko yote. Ilikuwa juu mno. Daktari anasema figo mbovu huipandisha, nayo huharibu macho. Anameza amlodipini, dawa ya kushusha presha, kila siku. Kuona hajaanza, na tumeambiwa tusitegemee.

Chakula maalumu cha figo amekigomea kabisa. Nikichanganya na samaki, anachambua samaki, kingine anakiacha pale pale. Daktari kasema ale anachokubali, kwani paka akikaa siku kadhaa bila kula ini hujaa mafuta. Mwenye mbinu nyingine kwa hilo, naipokea.