Mbio za kila mtu na saa yake, njia ya Muheza: nimeenda kama risasi nimerudi natambaa, nimekosea wapi?

mtumba_wa_Duga:

Habari za jioni wakuu. Mi ni mtu wa kawaida tu, naendesha baiskeli kutoka Duga kwenda kazini Chumbageni hapa Tanga kila siku na Jumapili huwa naenda mpaka Tongoni narudi, kwahiyo nlikua najiona niko vizuri. Juzi Jumamosi kuna vijana wakaandaa mbio ndogo, sio zile za kuondoka wote kwa pamoja, hizi mnaachiwa mmoja mmoja kila baada ya dakika moja, mwenye muda mfupi ndo mshindi. Mnaanzia Kange, njia ya Muheza kilomita 10, unazunguka pipa la bluu unarudi, jumla 20. Ilikua ianze saa moja asubuhi, mara namba hazijaja, mara mwenye saa hajafika, tumekuja kuanza saa nane na nusu mchana. Na hii Februari, jua la Tanga mnalijua.

Baiskeli yangu ya resi, ya mtumba. Namba nimebandikwa mgongoni kwa pini kwenye jezi ya mpira ya kaka angu, imenizidi. Pale mwanzo kuna mzee anakushikilia siti ili miguu yote iwe juu ya pedeli, anahesabu tano, nne, tatu, mkono wake ulikua unatetemeka au ni mimi ndo nlikua natetemeka, sijui.

Basi nikaachiwa. Aisee. Gia kubwa kabisa na bado naiona nyepesi, mikonge inapita pembeni kama niko kwenye basi, bodaboda mmoja kanisindikiza na abiria wake wanapiga kelele kaza mkuu kaza. Nikawaza kumbe nna kipaji nimekaa nacho bure miaka yote hii! Kwenye pipa nimefika dakika 15 na nusu.

Nikageuza. Sijui niseme nini, ni kama mtu kanishika shati kwa nyuma. Ile jezi ikajaa upepo inapiga pa pa pa pa, mapaja yanawaka, mdomo umekauka, nashusha gia moja, nyingine, mwisho nimefika zile za kupandia mlima na barabara imenyooka kabisa haina mlima wowote. Mara nasikia cheni nyuma yangu, mzee mmoja alieanza dakika moja baada yangu ananipita, kajikunja kifua kimegusa hendeli, hata kunisalimia hakunisalimia. Nikamganda nyuma yake anikingie hewa kama mita mia mbili hivi mpaka msimamizi akanipigia filimbi kua hairuhusiwi. Nimemaliza dakika 41 na sekunde 10. Yani kurudi peke yake ni dakika 25 na ushee.

Swali langu, nimekosea wapi, ni mazoezi au ni baiskeli? Maana kuna jamaa ananiuzia magurudumu mengine anasema ndo dawa.

Kaskazi_Sahare:

Pole mkuu ila umenichekesha na hicho kipaji. Kile kilikua ni upepo. Mwezi huu ni kaskazi, ule upepo wa kaskazini mashariki, halafu mchana nchi kavu ikishapata moto upepo wa baharini nao unaingia ndani, na ukitoka Kange kwenda njia ya Muheza bahari unaiacha mgongoni. Ulikua unasukumwa. Kurudi ukawa unausukuma wewe. Saa moja asubuhi ungekuta kumetulia, kwahiyo kuchelewa kuanza kumewaumiza wote sio wewe tu.

Sasa kosa lako ni hili, nguvu umezimwaga zote kwenye upepo wa mgongoni. Piga hesabu ndogo, mtu aende kilomita 10 kwa spidi ya 40 ni dakika 15, arudi 10 kwa spidi ya 20 ni dakika 30, jumla 45. Ukichanganya 40 na 20 ukagawa mbili unasema wastani 30, mbona basi sio dakika 40? Kwasababu kule kwenye 20 anakaa muda mrefu zaidi. Dakika zinapotelea kule unakoenda taratibu, kwahiyo kule ndo pa kuweka nguvu. Kwenda ungejibana kidogo tu, uwe unaweza kusema maneno mawili matatu, ungefika kwenye pipa labda dakika 16 na kitu ila miguu unayo.

Bi_Pedeli:

Waja leo waondoka leo, spidi imekuja na imeondoka mchana huohuo 😂😂

fundi_baiskeli_B12:

Mdogo wangu hayo magurudumu achana nayo kwanza. Jezi! Kaka yako kakuvalisha tanga la ngalawa halafu unaenda kukutana na kaskazi. Kwenye mbio za mtu peke yake adui ni hewa, na hewa haiongezeki kiubinadamu, ukitaka spidi mara mbili hewa inakudai nguvu kama mara nane. Na kinachoipokea hewa ni mwili wako zaidi kuliko chuma. Yule mzee aliekupita umeeleza mwenyewe alivyokaa, kifua chini, viwiko bila shaka kavibana. Njoo nikushushie hendeli kidogo, kazi ya spana ile, chai tu inatosha. Halafu tafuta fulana inayobana.

Tour de France 1989, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, siku ya mwisho ilikua mbio kama hizo zako, kilomita 24.5 kutoka Versailles kuingia Paris. LeMond Mmarekani alikua nyuma ya Fignon Mfaransa sekunde 50. Akaweka zile hendeli za kulalia viwiko, mwenzake kaenda na za kawaida, kichwa wazi na nywele kafunga mkia unapepea. LeMond kachukua Tour nzima kwa sekunde 8. Wiki tatu za mbio, sekunde 8!

Bi_Pedeli:

Fundi wewe ukianza 1989 hatulali leo. Ila serious kaka, kupitwa na alieanza nyuma yako usione aibu, Kigali Septemba 2025 kwenye ubingwa wa dunia Evenepoel wa Ubelgiji kamkamata Pogačar alieondoka dakika mbili na nusu kabla yake, na Pogačar ni mshindi wa Tour de France. Swali langu mimi ulikula nini? Maana umesema saa moja mpaka saa nane.

mtumba_wa_Duga:

Dada hapo umenigusa. Saa kumi na mbili chapati tatu na maharage, baada ya hapo soda moja na karanga, kila nikitaka kwenda kula wanasema tunaanza sasa hivi. Maji chupa moja nimeimaliza kabla ya kuitwa. Na kupasha mwili nilipasha ile asubuhi, mchana nimetoka kivulini moja kwa moja kwenye siti.

Kaskazi_Sahare:

Basi hizo dakika 41 ni za kusifiwa. Wengine wangelala palepale kwenye pipa.

fundi_baiskeli_B12:

Halafu yule mzee kama ndo namdhania, ana Phoenix nyingine ya kazi, anapeleka mikate madukani alfajiri na kreti nyuma. Mtu anabeba kreti la mikate kwenye upepo kila siku ukimtoa kreti unategemea nini.

mtumba_wa_Duga:

Kumbe! Basi sawa, nimepitwa kihalali. Magurudumu nimemwambia jamaa asubiri. Fundi kesho jioni nakuja na hiyo hendeli, na Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi nairudia njia ileile nione kwenda na kurudi zitapishana dakika ngapi, anaetaka anikute Kange pale kwa muuza kahawa.

Bi_Pedeli:

Nakuja. Jezi ya kaka yako iache nyumbani.