Tupeane uzoefu: Nani amepimwa aleji ya matunda kwa kudonolewa ngozi?

MlaNgowe (Malindi)
Wadau, maembe yameshaiva na mimi nayatazama tu. Mwaka jana nilienda Mombasa kupimwa. Nilidhani watatoa damu, kumbe kazi yote ni mkononi. Nesi alinichora vialama kwa kalamu kuanzia kiwiko hadi kifundo, akaweka tone kando ya kila kimoja, kisha akadonoa kila tone kwa kisindano. Mbu wa kwetu wanauma zaidi. Matone mawili si ya chakula: moja histamini (kemikali inayoleta uvimbe na muwasho wa aleji), hilo sharti livimbe, na jingine maji ya chumvi, hilo halitakiwi kuvimba. Kisha unakaa dakika 15 bila kujikuna (hapo ndipo mateso). Kivimbe kikizidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3 kinahesabiwa.

Embe: hamna kitu. Nikafurahi, nikashuka Mtwapa nikanunua ngowe mbili, nikazila palepale stendi. Kesho yake naamka, midomo imefura na upele kuzunguka mdomo. Sasa kipimo kilinidanganya?

BintiShela
Yeo niwape yangu. Matone ya chupa ya matunda mengi hupoteza nguvu haraka, kwa hiyo niliambiwa nije na tunda bichi. Nikavuka hadi Mokowe na kikapu cha ndizi, papai na parachichi, nahodha akaniuliza kama napeleka posa. Daktari alikidunga kisindano kwenye ndizi, kisha hichohicho mkononi mwangu. Ndizi na parachichi zikavimba, papai kimya.

Kilichonishangaza ni swali lililofuata: "Glavu zakuwasha?" Nafanya kazi saluni, na glavu za mpira zimenitesa miaka. Kumbe baadhi ya protini za utomvu wa mpira zafanana na za ndizi na parachichi. Sasa navaa za naitrili.

MamaPacha
Msirudie kosa langu. Asubuhi ya safari nilimeza Piriton, dawa ya aleji, kwa ajili ya mafua. Hata histamini haikuvimba! Nesi akanitazama kama mwanafunzi aliyekuja mtihani bila kalamu. Nauli ikaenda bure. Dawa za aleji za kumeza huachwa karibu wiki nzima kabla, lakini muulize daktari kwanza, hasa kama una pumu.

Na kwa mwenye kubanwa koo au kifua: usijijaribu nyumbani na kipande cha tunda. Kijana wangu hawakumgusa mpaka adrenalini, sindano ya dharura, ilipokuwa tayari mezani.

Kijana_wa_Mpeketoni
Mimi nyanya ilitoka milimita 4. Mama akaipiga marufuku jikoni, nikala maharage meupe miezi miwili, ndugu zangu wakinuna. Na nyanya sijawahi kudhurika nayo maishani! Niliporudi daktari akacheka. Kivimbe huonyesha kuwa mwili unaitambua nyanya, hakisemi kwamba itakudhuru. Aliuliza tu: ukila, unakuwaje? Hilo wangeniuliza siku ya kwanza.

MzeeAchari (Malindi)
MlaNgowe, hukudanganywa, ulipimwa kisichokuwa chako. Mimi nimechuma embe miaka mingi. Utomvu wa kikonyo ukinidondokea leo, malengelenge hutoka kesho au kesho kutwa. Hiyo ni aleji ya kugusana, na kudonolewa hakuionyeshi. Wanaipima kwa viraka vya kubandika mgongoni, vinakaa siku 2, na usilowanishe mgongo. Kemikali yenyewe iko kwenye utomvu na ganda, na ganda la korosho lina jamaa yake. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Wengi wetu nyama ya embe twaila bila shida.

Niambie ukweli: kule stendi ulimenya kwa kitu gani?

MlaNgowe
Kwa meno, Mzee.

MzeeAchari
Basi nenda kaonyeshe ngozi hospitalini. Wakikuruhusu, akumenyee mwingine, na anawe mikono kabla hajakata.

MlaNgowe
Mke wangu amesoma hapa begani kwangu. Anasema kisu anacho, ila maembe ninunue mimi.